Sura ya Sita: Pumzi Moja

Mama mkubwa alinipigia simu ya video usiku mmoja wa Januari akanikuta nimekaa sakafuni jikoni, miguu nimeitanua, na katikati yake mtungi wa kioo wa lita 23 umekalia mpira wa tenisi. Nilikuwa nausukasuka huku na huku kama mtu anayembembeleza mtoto mzito. Nje theluji ilikuwa inaangukia Boulder, mji ulio miguuni mwa milima katika jimbo la Colorado, Marekani. Kwake Marangu kulikuwa kumekucha, na nyuma ya sauti yake niliwasikia kuku.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Unabembeleza nini hicho?"

"Pombe, mama. Bia ya shayiri."

Akaisogeza simu karibu na uso. "Mbona unaitikisa kama dawa ya kikohozi?"

Swali lilikuwa zuri, na mimi sikuwa na jibu. Nilijua kitabu kimeniagiza nitikise. Nilijua pia kwamba bia iliyotangulia sikuitikisa, ikakwama njiani: ilianza na uzito wa 1.070 kwenye haidromita, kipimo kinachoshuka kadiri sukari inavyoliwa, ilitakiwa ishuke hadi 1.016 au karibu na hapo, ikafika 1.030 ikakaa kitako. Wiki tatu nzima nilikuwa naichungulia. Ilikuwa tamu kama sharubati na ilinywewa na mtu mmoja tu, mimi, kwa ubahili. Lakini huyu mama amepika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, tangu akiwa msichana na hajawahi kuikalisha juu ya mpira wa tenisi, na mbege yake haikwami. Kwa nini? Jibu nimechelewa kumpa kwa miaka kadhaa, nalo ndilo sura hii.

Sura iliyopita tuliishia kwenye sufuria. Kimea cha shayiri kimelowekwa katika maji moto, utamu umetoka, tumechuja, tumetia hopsi, yote yakatokota kwa saa nzima. Kilichobaki nimekuwa nikikiita maji ya kimea. Mtu wa Songea akiyaonja kabla ya hopsi atasema ni togwa iliyotiwa maji mengi, na hatakuwa mbali sana na ukweli. Kule kutokota kumefanya kazi kubwa: vijidudu vimekufa, uchungu wa hopsi umeingia, vitu vinavyotia bia ukungu vimegandamana na kuzama. Lakini kuna kilichofukuzwa pia. Ukibandika sufuria ya maji jikoni utaona mapovu madogo yakishika kwenye kuta zake kabla hata maji hayajachemka. Huo bado si mvuke. Ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, inahama. Baada ya saa moja ya kutokota haikubaki ya kuhesabika, na ukiyapoza maji hayo taratibu bila kuyagusa, samaki ukimtia humo atatweta.

Sasa tunataka kumtia humo kiumbe mwingine.

Hamira ni viumbe vya seli moja moja, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Utando huo ndio ukuta, ndio mlango, ndio mlinzi: kupitia humo sukari huingia na pombe hutoka. Seli ikitaka kuzaa lazima itengeneze utando wa kumvika mtoto. Baadhi ya malighafi za utando, hasa kundi liitwalo steroli na mafuta fulani yenye ulaini, seli haiwezi kuzitengeneza pasipo oksijeni. Ikiipata saa za mwanzo hujiwekea akiba. Ikiikosa hugawana na mtoto kile kidogo ilichonacho, mtoto naye hugawana na mjukuu, na baada ya vizazi vichache nguo imekuwa kipande cha kitambaa. Ndipo pombe inapokuwa imeongezeka kwenye mtungi, na pombe ni sumu hata kwa aliyeitengeneza. Hamira yenye utando mbovu haiwezi kustahimili. Inazimia na sukari bado ipo. Hiyo ndiyo sharubati yangu ya 1.030.

Louis Pasteur alilihisi jambo hili mapema. Mwaka 1876, miaka michache baada ya Ufaransa kupigwa vitani na Wajerumani, alichapisha kitabu kizima juu ya bia, kwa nia ya wazi ya kuwasaidia Wafaransa kuwashinda Wajerumani angalau kwenye glasi. Pasteur ndiye aliyefundisha kwamba uchachu ni maisha yasiyohitaji hewa, na bado akaona kwamba hamira iliyokaa muda mrefu bila hewa huzeeka na kuwa goigoi, na ikipewa hewa kidogo hurudia ujana. Hakujua sababu. Sababu ilisubiri hadi 1953 na 1954, wakati watafiti wawili, Andreasen na Stier, walipoikuza hamira mahali pasipo na hewa kabisa. Haikukua. Walipoipa steroli na mafuta ambayo kwa kawaida ingejitengenezea yenyewe, ikakua, bila oksijeni. Kumbe hamira ilikuwa inaitafuta oksijeni kwa ajili ya kushonea nguo tu.

Hapa niseme neno juu ya kosa ambalo vitabu vya wapika bia wa nyumbani vimelirudia hadi limekuwa kama kweli. Vinasema kwamba hamira kwanza hupumua, kama wewe na mimi, mpaka oksijeni iishe, halafu ndipo huanza kuchachusha. Katika maji ya kimea haiwi hivyo. Sukari ikiwa nyingi, hamira huchachusha hata ikipuliziwa hewa mchana kutwa; wanasayansi huita hali hiyo athari ya Crabtree, kwa jina la Mwingereza aliyeiandika mwaka 1929 akichunguza uvimbe wa saratani, wala hakuwa na habari na bia. Mfano ulio karibu zaidi na ukweli ni mzamia pweza. Anavuta pumzi juu ya maji, anazama, na kazi yote anaifanya huko chini ambako hakuna hewa. Hatumpi pumzi ili aendelee kupumua. Tunampa kwa sababu akishazama hapati nyingine.

Ni pumzi kubwa kiasi gani? Nilipopiga hesabu kwa mara ya kwanza niliirudia, maana sikuamini. Maji ya kimea ya nyuzi joto 20, pwani, yakishiba hewa hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa kila lita, na bia ya nguvu ya kawaida haihitaji zaidi ya hapo. Lita zangu 19 basi zilitaka miligramu 152. Oksijeni ya uzito huo inajaza mililita 114 hivi. Na kwa kuwa oksijeni ni asilimia 21 tu ya hewa, hewa ya kuibeba ni nusu lita na kidogo. Mtu mzima aliyetulia huvuta kiasi hichohicho kwa pumzi moja.

Mtungi mzima, chupa 38 za nusu lita, unadai pumzi moja ya mtu aliyekaa kwenye kiti. (Usije ukaupulizia kwa mdomo. Pumzi inayotoka imeshapungua oksijeni hadi kama asilimia 16, imebeba hewa ukaa, na imepita kinywani, mahali ambapo hakuna mpika bia anayetaka kupajua kwa undani.) Na mtungi wangu wa lita 23 ulikuwa na lita nne za hewa juu ya maji tangu mwanzo. Pumzi nane! Hewa ilikuwepo, imekaa juu ya maji, haina pa kuingilia.

Tatizo basi ni mlango. Hewa huingia kwenye maji kupitia ngozi ya juu peke yake, na maji yaliyotulia mtungini yana ngozi ndogo, duara la upana wa sahani. Kutoka hapo oksijeni hushuka kwa mwendo wa konokono. Ukiyatikisa yakavunjika kuwa matone na mapovu, kila tone lina ngozi yake na kila povu lina ngozi yake, na kile kilichokuwa sahani kinakuwa jamvi, kinakuwa uwanja. Vifaa vyote vya kutilia hewa, vya bei na vya bure, vina kazi hiyo moja ya kuongeza ngozi. Na vyote vinavyotumia hewa ya kawaida vinaishia kwenye dari moja, zile miligramu 8, kwa kuwa maji yakishashiba hayaongezi. Ukilijua hilo, duka la vifaa linapoteza nguvu nyingi juu yako.

Njia ya kwanza ni mkono. Kutikisa mtungi dakika moja hadi mbili kwa nguvu hasa kunaweza kukufikisha karibu na dari, na mpira wa tenisi chini yake hukupunguzia kazi kwa sababu mtungi unayumba wenyewe. Ila kioo kilichojaa kina uzito wa zaidi ya kilo 25, kina majimaji ya sabuni nje, na kikipasuka hakipasuki kwa adabu. Nimemwona mtu akishonwa kiganja kwa ajili ya mtungi kama huo. Siku hizi natumia ndoo za plastiki za daraja la chakula, na ninapendekeza hivyo kwa yeyote anayevipenda vidole vyake.

Ndoo zinaleta njia ya pili, ambayo msomaji anaijua hata kama hajawahi kuonja bia. Umemwona muuza chai akiipoza kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kikombe, mkono mmoja juu, mmoja chini, uzi wa chai unanyooka hewani bila kumwagika. Mimina maji ya kimea hivyo kutoka ndoo hadi ndoo, mara tano au sita, ukiinua kadiri mkono unavyofika. Ukipitisha kwenye kung'uto au chujio kubwa la chuma lililosafishwa, uzi mmoja unakuwa nyuzi mia. Jirani yangu mmoja hapa alipanda hadi ngazi ya tatu ya ngazi ya kubadilishia balbu ili apate urefu. Bia yake ilikuwa nzuri. Dari ya jikoni ilioshwa madoa kwa wiki mbili.

Njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inamfurahisha mtu kama mchezo, ni tundu la sindano. Unahamisha maji ya kimea kutoka sufuria iliyo mezani kwenda ndoo iliyo sakafuni kwa mrija wa plastiki, kama watu wanavyonyonya petroli kwenye tangi. Chukua sindano, ipashe moto, toboa tundu moja au mawili kwenye mrija, upande unaoshuka, karibu na juu. Unatarajia maji yavuje. Hayavuji. Msukumo ndani ya mrija ulio juu namna hiyo ni mdogo kuliko ule wa hewa ya nje, kwa hiyo hewa ndiyo inayovutwa kuingia, na mrija wote chini ya tundu unajaa mapovu meupe. Anayejua kunyonya petroli anaifahamu hali hii kwa ubaya wake: mrija ukiwa na ufa, petroli haifiki. Na hapa vilevile, tundu likizidi mkondo unakatika na itakubidi uanze upya. Peke yake njia hii haishibishi, labda nusu ya safari. Lakini haikugharimu kitu kwa kuwa maji yalikuwa yahamishwe hata hivyo.

Halafu iko pampu ya tangi la samaki wa mapambo. Kwa wapika bia wa nyumbani pampu hii ni kama baiskeli ya kwanza: kila mtu hupitia hapo. Inasukuma hewa kwenye mrija mwembamba hadi kwenye jiwe lenye vitundu vidogo, jiwe linazama, na mapovu yanapanda kama kwenye tangi la samaki hotelini. Dakika kumi hadi ishirini, nawe umekaa unasoma gazeti. Hofu ni kwamba pampu inavuta hewa ya jikoni, yenye vumbi la unga, mbegu za ukungu, na bakteria wa maziwa, ikiipeleka moja kwa moja ndani ya maji matamu ya uvuguvugu. Dawa yake ni pamba. Sokota pamba kavu, isukume ndani ya kipande cha mrija kipana kidogo, kiunge kati ya pampu na jiwe. Mwaka 1854 Wajerumani wawili, Schröder na von Dusch, walipitisha hewa katika pamba kabla ya kuifikisha kwenye mchuzi wa nyama uliochemshwa, na mchuzi ukakaa bila kuoza, katika zama ambazo watu wenye elimu bado walikuwa wakibishana kama uozo unazaliwa wenyewe. Unapofunga pamba yako jikoni unafanya jaribio lao. Pamba ikilowa haifai tena, kwa hiyo weka pampu juu kuliko ndoo, la sivyo ukiizima maji ya kimea yatapanda mrija yakakuletea habari mbaya.

Pampu ina aibu moja, nayo ni povu. Dakika tatu tu, povu limefika ukingoni; dakika ya nne liko sakafuni. Wako wanaozima, wakasubiri, wakawasha tena. Wako pia wanaotia matone machache ya dawa ya gesi ya watoto wachanga, ile anayopewa mtoto anayelia usiku tumbo limejaa. Dawa yenyewe ni simethikoni, na kazi yake tumboni kwa mtoto na kwenye ndoo ni ileile, kupasua mapovu. Mwenye duka la dawa karibu na kwangu aliniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikasema ana siku moja.

Drili yenye kipekecho cha kuchanganyia rangi inafanya kazi kuliko mtu anavyodhani, na kwa haraka, mradi chombo kiwe ndoo na si kioo, na kipekecho kiwe hakijawahi kugusa rangi. Bibi zetu walipekecha kwa viganja viwili. Tofauti ni umeme.

Oksijeni safi ndiyo pekee inayovunja dari. Wauzaji wa vifaa vya kuchomelea vyuma wanayo kwenye mitungi midogo, na kwa kuwa ni oksijeni tupu inaweza kuyeyusha mara tano ya kile hewa inachoweza. Kwa bia nzito, zile zinazoanza juu ya 1.080, ina maana. Kwa bia ya kawaida ni kutumia shoka kuua mbu, na ukizidisha hamira nayo inaumia. Zaidi ya hayo mafuta au grisi kwenye koki ya oksijeni safi yanaweza kushika moto. Mimi sinayo nyumbani na sijaona nilichokosa.

Isipokuwa labda jambo moja: mwinuko. Boulder iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na huko juu msukumo wa hewa ni kama asilimia 83 ya ule wa pwani. Dari inashuka nao. Miligramu 8 zinakuwa 6 na nusu, utikise mpaka mabega yang'oke. Anayepika bia Nairobi yuko kwenye mashaka hayohayo. Lakini wa Mombasa asicheke haraka, kwa sababu joto nalo hupunguza hewa kwenye maji: maji safi ya nyuzi 30 usawa wa bahari hubeba miligramu 7.5 kwa lita, na maji safi ya nyuzi 20 Nairobi hubeba takriban hizohizo. Wametoka sare. Mwenye akili ni yule atakayeyapoza maji yake hadi nyuzi 18 kwa barafu kabla ya kuanza kumimina.

Na kupoza si hiari. Maji ya kimea yakiwa bado ya moto hayashiki hewa ya maana, na ile kidogo inayoingia inakimbilia kuungana na vitu vya kimea badala ya kuisubiri hamira. Bia inakuwa nyeusi kuliko ulivyokusudia na huenda ikazeeka mapema. Wapika bia wamegombana miaka mingi juu ya ukubwa wa madhara hayo. Mimi sigombani nao. Nasubiri yashuke chini ya nyuzi 27, kwa sababu kusubiri ni bure.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mambo haya yote yamejaa pampu za samaki na drili, kana kwamba hakuna aliyewahi kutengeneza kifaa cha kazi. Sheria ndiyo iliyoyaleta. Marekani ilipiga marufuku pombe mwaka 1920, na marufuku ilipoondolewa mwaka 1933 waandishi wa sheria waliikumbuka divai ya nyumbani wakaisahau bia ya nyumbani. Usahaulifu huo ulidumu hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyomruhusu mtu mzima kutengeneza galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi yake, takriban lita 380. Waingereza walikuwa wamewatangulia: mwaka 1963 waliondoa leseni iliyokuwa ikidaiwa tangu 1880. Muda wote kabla ya hapo aliyetaka kupika bia kwake hakuweza kwenda dukani kuuliza kifaa, na duka lisingekuwa nacho. Alitumia ndoo ya nepi, mrija wa hospitali, pampu ya samaki. Ilipokuwa halali, Charlie Papazian, mwalimu wa Boulder hapahapa, alianzisha mwaka huohuo wa 1978 chama cha wapika bia wa nyumbani wa Marekani, na tabia ya kuungaunga ikaingia chamani pamoja na wanachama.

Viwanda vyenyewe vilianza vivyo hivyo. Cantillon, pale Brussels, hadi leo humimina maji ya kimea usiku wa baridi kwenye sinia kubwa la shaba lisilo na kina, chini ya paa, yapoe huku yakikutana na hewa na kila kilichomo hewani. Hamira haitiwi; huja yenyewe. Na huko Tadcaster, kaskazini mwa Uingereza, Samuel Smith bado wanachachusha katika masanduku ya mawe, na hamira yao ni ya aina inayopenda kujikusanya na kulala mapema, kiasi kwamba lazima bia ivutwe kwa pampu na kurushwa juu tena ili kuiamsha. Mzamiaji wao anaibuka mara kwa mara, na ladha ya bia yao imezoea hivyo.

Kuna stori ya mafuta ya zeituni ambayo siwezi kuiacha. Mwaka 2005 Grady Hull, mpika bia wa kiwanda cha New Belgium kilichoko Fort Collins, mwendo wa saa moja kutoka Boulder, aliandika tasnifu ya chuo kikuu cha Heriot-Watt. Hoja yake ilitoka moja kwa moja kwa Andreasen na Stier: ikiwa oksijeni inatafutwa kwa ajili ya mafuta, kwa nini tusiipe hamira mafuta yenyewe? Akatia mafuta ya zeituni kidogo sana kwenye hamira iliyokuwa ikisubiri kutumika, na bia ikachachuka, polepole kiasi lakini ikafika. Habari zikavuja hadi jikoni za watu, na kwa miaka michache kila mpika bia wa nyumbani alikuwa na chupa ya zeituni mezani. Shida ni kipimo. Kwa ndoo ya lita 19 kinachohitajika hakifiki hata tone; ilibidi watu wachovye ncha ya kijiti cha meno, waipanguse, halafu waitie. Nilijaribu mara moja. Bia ilitoka sawa na zangu nyingine, nami sijui kama ni kwa ajili ya kijiti au licha ya kijiti.

Lililonivunja moyo kweli ni pakiti. Miaka yote niliyokuwa nikisukasuka mtungi nilikuwa natumia hamira kavu, ile ya gramu 11. Hamira hiyo hukuzwa kiwandani kwa kupuliziwa hewa nyingi na kulishwa sukari kidogo kidogo, hadi kila seli imejaa akiba ya steroli, ndipo inakaushwa. Inafika kwako ikiwa imeshavuta pumzi yake. Watengenezaji wenyewe wanasema kwamba kwa matumizi ya kwanza huna haja ya kutia hewa. Waliandika, mimi sikusoma. Hewa inahitajika ukitumia hamira ya majimaji, au ukikusanya hamira ya chini ya ndoo kwa ajili ya bia inayofuata, kama nilivyofanya kwenye ile iliyokwama. Hata hivyo bado namimina ndoo kwa ndoo, pakiti au si pakiti. Haidhuru, na mikono imezoea.

Kinachodhuru ni kumimina baadaye. Hamira huimaliza oksijeni yote ndani ya saa chache, na povu likishajitokeza juu, mlango wa hewa umefungwa. Bia nzito sana unaweza kuiongezea dozi ya pili kati ya saa 12 na 18, basi. Kutoka hapo kila hewa inayoingia ni ya kuiharibu bia. Huzaa, pamoja na mengine, kitu kiitwacho nonenali, chenye ladha ya boksi la karatasi lililonyeshewa mvua, na ulimi wa mtu hukitambua hata kikiwa sehemu ya kumi ya mikrogramu moja katika lita. Mpika bia anayefungua kifuniko kila asubuhi kuona maendeleo anatengeneza boksi. Nilikuwa mmoja wao.

Na mbege? Nilimweleza mama mkubwa nilipokwenda likizo, tumekaa barazani kwake, kibuyu kimejaa. Ndizi zake huchemshwa zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa kwa mikono, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi uliopoa, na katika kukoroga, kuchuja na kumimina hewa huingia mara kumi bila mtu kuiita. Hamira zinazoifanyia kazi si moja. Ni jamii nzima iliyokaa kwenye vyombo vyake na hewani. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba mbege hainyweki ikiwa imemaliza. Hunywewa ingali inafanya kazi, ina povu na utamu, na kesho yake imekuwa nyingine. Haifungwi chupani miezi mitatu, kwa hiyo haipati nafasi ya kunuka boksi. Haiulizwi kama imefika 1.016, kwa hiyo haiwezi kukwama.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea kwenye kibuyu.

Wiki chache baadaye nilikuwa jikoni Boulder tena, akapiga. Ndoo ilikuwa kwenye kona, kifuniko kimekaza, kimefunikwa na blanketi kwa ajili ya baridi.

"Leo huitikisi?"

"Imeshapata hewa yake, mama. Nimeifunga."

"Basi iache ilale," akasema. "Na wewe kalale, huko ni usiku."